Rambirambi za Mtu Aliye Hai

...Bwana Wyson Msosa yupo, Mchungaji Hastings Phoya yupo, Bi Tionge Gausi wa Mzuzu yupo, Bwana Lonjezo Kapalamula yupo, yule wa Johannesburg ambaye siku za kawaida haonekani katika kundi hili la waandishi la simuni hadi atoke kazini, na yeye Gresham Namalomba yupo, ameketi kibarazani kwake Zomba, simu mkononi, kidole gumba kimening'inia juu ya maneno yake mwenyewe ya asubuhi, Mama Enifa Chitseko ametutoka, kibonyeze tu, kifute, kama wenzake walivyokwisha kufuta, kwa sababu Mama Enifa Chitseko hajatutoka, amelala kitandani kwake Namadzi, anapumua, anasoma... “Baba, nsima inapoa,” mkewe anaita kutoka ndani, ugali uko mezani, naye anajibu naja, haendi... na nani wa kulaumiwa, Msosa? Msosa alipita Namadzi asubuhi juu ya lori la kabichi, akaona matawi mabichi yamelazwa barabarani karibu na kwa Mama Enifa, na matawi barabarani hayana maana mbili, dereva punguza mwendo, hapa pana msiba, na kundi zima lilijua kwamba miguu ya Mama Enifa imevimba tangu mvua zianze, sasa hapo mtu aulize nini, akaandika palepale juu ya kabichi zake, jamani, matawi yako kwa Mama, basi, ikatosha, Tionge akatunga wimbo, Mchungaji akaomba sala ndefu, Kapalamula aliye mbali akaandika kwamba amekaa chooni kazini analia... na kijijini nani angethubutu kulia hivyo? kijijini watu hungoja, husema mgonjwa hajambo kidogo, husema tunaitwa nyumbani, mpaka mjomba wa marehemu aambiwe, naye afungue kinywa, ndipo kilio kianze, Namalomba analijua hilo tangu akiwa mtoto, lakini simu haina mjomba, kila mtu ana kinywa chake, na yeye mzee mzima aliyesahihisha maandishi ya wengine kiwandani kwa wapiga chapa hadi macho yakachoka, yeye ambaye hakuna jina la mtu lililowahi kumpita likiwa na kosa, aliandika marefu kuliko wote, jina kamili, mahali pa kuzaliwa, hadithi zake moja baada ya moja, na mwishoni yale mengine, kwamba hakuna mtu aliyemfundisha kuandika kama mama huyu aliyeishia darasa la sita, kwamba alikuwa akisubiri Jumapili, siku ya kundi kusomeana hadithi, kwa sababu yake, mambo ambayo mtu humwambia maiti tu, maana maiti haoni haya kwa niaba yako... na mchana ukaja ujumbe kutoka namba yake, kwa vipande vipande kama alivyozoea, mimi Enifa, Dalitso mpwa wangu ananishikia simu, matawi ni ya jirani yangu mwenye mashine ya kusaga, Mungu amrehemu, mimi bado najaza kitanda, endeleeni jamani, mlikuwa mnanisifu vizuri, ila Bambo Namalomba, mimi si wa Ntcheu, nimezaliwa Balaka... Balaka, na ni yeye mwenyewe aliyewaambia zamani, katika hadithi ya yule mwanamke wa stesheni, Namalomba aliisoma na kuisifu, kisha akaandika Ntcheu, kosa ambalo angemfukuzia kazi kijana yeyote wa kiwandani, na limesahihishwa na maiti mwenyewe, mbele ya watu... simu inatetemeka, ni Kapalamula, “Msosa, siku nyingine ukipita kwangu, fumba macho,” na Msosa, “Kaka niache, nimeshajinyonga moyoni,” na Kapalamula tena, “Mchungaji, wewe ulishamfikisha mbinguni, utamrudishaje?” na Mchungaji Phoya, polepole, “Nilikwenda kumshikia nafasi tu,” wanacheka, au wanaandika kicheko, nani ajuaye mtu ana uso gani nyuma ya simu, na Mama Enifa hasemi kitu tena tangu ule ujumbe wa Balaka, ingekuwa wakati mwingine angeshamrukia Mchungaji, angemuuliza, na huko mbinguni kwako watu wanakula nini... ndilo lilikuwa swali lake kwa kila anayeanza kuandika, umeleta hadithi ya mfalme, ya mwizi, ya wapenzi, yeye anauliza, mtu wako huyu anakula nini? Tionge alilia siku alipoulizwa, akafuta kurasa zote, akarudi na msichana anayekula maembe mabichi kwa chumvi akiogopa kwenda nyumbani, na kuanzia hapo Tionge akawa mwandishi... “Agogo,” anaandika Tionge sasa, akimwita Namalomba babu kama kawaida yake, “futa na wewe, umebaki peke yako, aibu yetu sote imekaa kwako,” na ni kweli, juu na chini ya maneno yake ni mistari mitupu, ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa, kama makaburi yasiyo na majina, halafu katikati lake moja limesimama, na alama za buluu zinaonyesha limesomwa, Mama Enifa amelisoma lote mpaka mwisho, mpaka kule kwenye Jumapili, sasa kufuta ni kumwambia nini? kwamba Balaka ni Balaka lakini mengine yote nilikosea pia?... hafuti, kidole kinaondoka, basi aandike jingine, la mtu hai, amtumie peke yake, Mama Enifa, nimefurahi kusikia... anafuta, Mama Enifa, pole kwa usumbufu... anafuta, anatafuta moyoni neno ambalo mtu humpa mgonjwa akiwa mbele yake, anakuta ghala tupu, limefagiliwa, kila punje aliyoiweka miaka yote hiyo aliimwaga asubuhi kwa mtu aliyedhani hasikii, hakubakiza hata ya mbegu... “Baba, nakula mwenyewe,” mkewe anasema, na sahani inagonga, na hapo ndipo hofu inapomwingia, si ya leo, ya siku yenyewe, maana itakuja, miguu ile haidanganyi, na itakapokuja, kundi hili litasema nini? sala ya Mchungaji imekwisha kuombwa ikafutwa, wimbo wa Tionge umeimbwa ukafutwa, Kapalamula amekwisha kulia chooni kwake, hawezi kurudi kulia chozi lilelile, na Msosa, Msosa hataandika tena neno msiba mpaka aone jeneza kwa macho yake, wataogopa wote, watangojana, kila mmoja atasema tuhakikishe kwanza, na mama huyu aliyewalisha wote atapita katikati yao kimya kama mgeni, kwa kuwa walimlilia mapema... andika basi, Gresham, andika chochote, muulize tu amekula nini leo, hilo si zito, hilo hata mtoto angeweza, Mama Enifa, leo umekula nini, anaandika, anasoma mara mbili kama desturi yake, anatuma, alama moja ya kijivu, kisha mbili, za kijivu bado, anangoja zigeuke, jua limehamia kwenye goti lake naye hasogei, zinageuka, buluu, pale juu panaonyesha kuwa anaandika, anaandika, anaacha, anaandika tena, kisha ujumbe unafika, haukuja kwa vipande.

Ni mimi Dalitso. Mama Enifa Chitseko amefariki.