Mlango wa Nyasuguta

Nyasuguta alikuwa akisonga ugali mlango wake ulipofika upande wa mto, ukasimama kidogo kama mgeni anayengoja kukaribishwa, kisha ukaanza kurudi langoni. Alisogeza sufuria, akaendelea kusonga. Boaz, mwanawe mchanga, alilala fofofo. Nyumba ilimbembeleza vizuri kuliko mgongo wa mama. Jirani aliyekuja kuomba moto alisimama nje, akingoja mlango umfikie.

Hapo Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka huo wa 1994, wanawake walitenga dhahabu na mchanga mweusi kwa sumaku zilizotolewa kwenye spika za redio mbovu. Mchanga, ulionaswa na sumaku, ulitupwa. Japheth, mume wa Nyasuguta na wa wake wengine wawili, aliuokota akauchanganya na udongo wa kukandikia kuta, kwa kuwa uling'aa na ulikuwa wa bure. Nyumba alizijenga pembe tatu, yeye na kigoda chake katikati, ili sahani zote zimfikie zikiwa moto.

Kuta zilipokauka, kila nyumba ilikataa kutazama anakotazama jirani. Ya Kezia, mke mkubwa, ilitazama langoni. Ya Priscah ikageuka, ikatazama mtoni. Ya Nyasuguta ikielekea langoni, ya Kezia inaisukuma. Ikielekea mtoni, ya Priscah inaifukuza. Basi ikawa inazunguka.

Hilo lisingekuwa neno. Lakini desturi ya boma lile ilikuwa kwamba kabla ya masika kila mke apewe shamba linalotazamana na mlango wake, na mashamba yenyewe yalikuwa mawili, la langoni na la mtoni. Mlango usiotulia hauna shamba. Japheth, akichokonoa meno, alikwisha kusema kwamba nyumba humfuata mwenyewe, na kwamba labda Nyasuguta, kwao Kuria, walimwachisha ziwa njiani.

Kezia alimsikia, akaguna. Jioni akachukua blanketi lake.

"Nyieka," alimwambia Nyasuguta, mke mwenziwe, "nenda ulale kwangu. Mimi nimetulia mpaka kuku hutagia miguuni pangu. Tuone."

Kesho yake mke mkubwa alionekana mlangoni mwa Nyasuguta akipita na sahani ya dagaa wa omena, akipita tena, akipita tena. Omena zilimfikia Japheth zikiwa baridi. Priscah alicheka hadi akakaa chini. Zamu yake ya kulala humo ilipofika, naye akazunguka.

"Mzee," Kezia akasema, akiwa ameshika mti hadi kizunguzungu kiishe, "si mke. Ni pembe. Wawili wakikataana, mmoja hutazama huku, mwingine kule, wakapumzika. Huyu wa tatu umempa upande gani?"

Japheth alifikiri kutwa. Wake zake walitumaini angeyakata mashamba yawe matatu, au walau angehamisha kigoda.

"Basi ziwe nne," akasema.

Akamwoa Metrine, binti wa kisiwa cha Remba, aliyesema kwamba amekulia mtumbwini na kuyumba hakumtishi. Nyumba yake ilipokauka, zote zikajisogeza kuwa mraba, kila moja ikampa jirani kisogo: Kezia langoni, Priscah mtoni, Nyasuguta langoni, Metrine mtoni. Zikatulia tuli.

Nyasuguta alisimama mlangoni kwake akitazama udongo mweusi wa langoni. Japheth alimpongeza kwa kutulia. Kisha akamweleza kwa upole kwamba shamba hilo lina mwenyewe tayari, ni la Kezia, na la mtoni ni la Priscah.

Boaz, aliyezoea kuzungushwa, akakataa kulala. Mama yake akamfunga mgongoni, akawa anaizunguka nyumba kila jioni, na kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu, akashika mbegu, akizifukia hatua kwa hatua. Mvua iliponyesha, mahindi yaliota duara kuizunguka nyumba. Japheth alisimama ukingoni akauliza shamba la namna hiyo linatazama wapi.

"Ngoja, Baba Boaz," akasema Nyasuguta. "Linakuja."

Mahindi yakampita taratibu, yakizunguka kama nyumba ilivyozunguka zamani, yakielekea mtoni. Mashamba ya boma lile, kwa hesabu ya Japheth, yalibaki mawili.