Mtaa wa Hamu

Tak-tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak-tak tena.

"Hiyo cherehani imekatika sindano," Fundi alimnong'oneza binti yake, wakiwa kwenye benchi la hospitali. Alikuwa ameshona suti tangu ujana wake, na masikio yake hayakujua kusikia kitu kingine.

"Si cherehani, Baba. Ndiyo mashine yenyewe ya kukuachisha sigara."

Mlango ulipofunguliwa, Fundi aliona kiti kama cha kinyozi, na juu yake kofia nene yenye waya. Akaizunguka, akaigonga kwa ukucha, akachungulia ndani yake. Sigara ilikuwa imemganda mwilini miaka mingi. Binti yake alipojifungua mtoto mwenye kifua cha kubana, alisema wazi kwamba mwanawe hatakaa karibu na moshi. Fundi alimjua mjukuu wake kwa picha za simu tu.

Daktari, mwanamke kijana asiyeishiwa mizaha, alimvika kofia. "Tulia hivyo hivyo."

Tak. Kidole gumba cha Fundi kikaruka chenyewe.

Akakikodolea macho. "Nani amekituma?"

"Mimi. Nimegonga kwa sumaku pale kichwani kidole kinapopokelea amri. Sasa najua nguvu inayokutosha. Nasogeza kofia mbele, kwenye hamu ya sigara."

"Kumbe hamu nayo ina anwani?"

"Mtaa tunaujua, mzee wangu. Nyumba bado tunaulizia."

Fundi akacheka mpaka kofia ikatikisika. Daktari akampa sigara na kiberiti cha gesi. "Usiwashe. Inuse tu, ukumbuke ile iliyokukolea kuliko zote. Lazima hamu iamke kabla sijagonga. Sifuri hadi kumi, unaitaka kiasi gani?"

Fundi akamtupia jicho binti yake. "Sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Nilishaichukia."

"Basi twende nyumbani. Hamu ikilala, kazi yangu ni bure."

"Baba," binti akasema taratibu, "umeikamata hiyo sigara kama kuna mtu wa kukunyang'anya."

Haya ikamshika Fundi. Mara ngapi amemwambia ameacha, naye binti akamnusa shati akajua ni uongo? Akisema kweli, mjukuu atazidi kuwa mbali. Akamgeukia daktari. "Mashine hii inajua mtu akidanganya?"

"Haijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Fundi akaitazama sigara mkononi. "Tisa. Hapana, kumi. Saa hii naitaka kuliko ninavyotaka kumbeba yule mtoto, na hilo ndilo linaloniogopesha."

Alingoja binti ainuke aondoke. Binti aliinuka kweli, akakivuta kiti chake hadi kando ya baba yake, akaketi. Daktari akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja kidogo," Fundi akamzuia, akamtazama binti yake usoni. "Mwanangu, siwezi kukuahidi kwamba sitavuta tena. Lakini siku nikivuta nitakupigia mwenyewe, nikuambie usimlete mtoto. Hilo nakuahidi."