Inavuja

Mashine haikusubiri ukojoe. Bonge aliijua sheria hiyo, kibofu chake ndicho ambacho hakikuijua. Tangu asubuhi alikuwa akihamisha uzito mguu huu hadi ule, koo limemkauka, mbele ya mkanda wa kiwandani unaopitisha pakiti za biskuti. Kazi yake ilikuwa kuzibonyeza. Pakiti ikitoa hewa, anasema "inavuja" na kuitupa kwenye kreti. Hizo zilizovuja ndizo zilizokuwa chakula cha mchana cha wafanyakazi, kwa chai ya sukari tele. Chakula cha nyumbani kilipigwa marufuku, eti kinaleta mende.

Jana yake daktari wa zahanati alimwambia ana kisukari. Huenda milo ile ya kila siku, alisema, imelegeza ukuta wa utumbo, sumu za vijidudu zinapenya hadi kwenye damu, mwili unawaka moto ndani kwa ndani. Insulini inapiga hodi kwenye seli ili sukari iingie, hakuna wa kuifungulia mlango. Ale mboga na maharage. Bonge alitoka pale karibu acheke kwa furaha. Miaka yote mawifi walimsema ana tumbo lisilo na breki, kumbe si ulafi!

Kwa hiyo msimamizi alipomkuta akitoka chooni tena, akamuuliza kama amehamia huko, Bonge aliona heri aseme ukweli. Labda angeruhusiwa kuja na maharage yake. Labda angebaki na kazi, maana nyumba nzima ilikula kwa mikono yake.

"Bosi, naumwa. Daktari amesema utumbo wangu unavuja."

Masikini, kati ya maneno yote akachagua hilo. Msimamizi alirudi nyuma, akautazama mkanda.

"Unavuja, halafu unashika chakula cha watu?"

Bonge akajaribu kueleza habari za hodi na mlango, akajikanyaga. Akaambiwa avue aproni. Msimamizi hakuwa na roho mbaya. Alimpa kreti nzima ya pakiti zilizovuja, asiende mikono mitupu.

Nyumbani jiko lilikuwa baridi. Binti yake, ambaye shuleni walishaanza kumwita Bonge Mdogo, alikuwa na njaa, akanyoosha mkono. Bonge akachukua pakiti, akaibonyeza kwa mazoea.

"Inavuja," akasema, kisha akampa.