Majina Ndani ya Mchoro

Juu ya mlango wa studio palibandikwa maneno ya plastiki: KAZI YETU NI MOJA. Herufi mbili zilikuwa zimedondoka tangu mwaka juzi na hakuna aliyezirudisha, maana kazi ikishakuwa ya wote, basi si ya mtu. Wembe alipita chini ya maneno hayo kila asubuhi, kikombe mkononi, na kila asubuhi aliyatazama kama mtu anavyotazama soksi yenye tundu.

Kudharau kilikuwa kipaji chake cha pili. Cha kwanza kilikuwa kuchora. Studio ilitengeneza matangazo na katuni fupi za makampuni, na hata waliomchukia walikubali kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi: mistari mitatu kwenye skrini, na mtu yupo pale anakutazama. Jina la Wembe alipewa na wenzake kwa sababu ya ulimi, naye alilipokea kama cheti.

Mwenye studio walimwita Maono, kwa sababu hakuna kikao alichomaliza bila kulitaja neno hilo mara kumi. Maono alikuwa hajui kuchora hata yai. Alichojua ni kuvua viatu na kutembea peku juu ya vigae, eti ili wazo lipande kutoka chini, na kuwakalisha watu kwenye viti vifupi mpaka magoti yakaribie masikio, halafu kuwaambia kwamba pale hapakuwa na bosi, palikuwa na familia. Familia gani hiyo, Wembe alijiuliza, ambayo baba ana kiyoyozi na watoto wanagombania feni moja. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilianza kuvuma saa tatu asubuhi.

Alikuwapo pia fundi wa mwendo, aliyezifanya picha zitembee na zicheke. Yeye mwenyewe alikuwa hatembei wala hacheki, amejiziba masikio kwa hedifoni tangu anaingia mpaka anatoka. Na kwenye meza iliyobanwa kati ya printa na mlango wa choo alikaa mama mmoja wa makamo, aliyepokea mafaili ya kila mtu, akayapanga na kuyatuma kwa wateja. Wote walimwita Shangazi. Wembe naye alimwita Shangazi mbele yake. Nyuma yake alimwita Kobe.

Sababu alikuwa nayo. Faili likifika mezani kwa Kobe saa tisa, halitoki mpaka saa kumi. Anafanya nini humo ndani? Hachori, hapaki rangi. Amekodoa macho, miwani imeshuka puani, kidole kimoja kinadonoa kibodi kama kuku aliyekwisha kushiba. Ukimuuliza, atakwambia anapitia. Anapitia nini, hasemi. Wembe aliyemaliza mchoro mzima kwa nusu siku alilazimika kuketi akisubiri mtu apitie, na kusubiri kulimwasha mwili mzima.

Sasa, mchoro wa kompyuta si karatasi moja. Ni leya nyingi zilizolaliana kama mashuka: leya ya mkono, leya ya shati, leya ya kivuli. Kila leya hupewa jina, ili mwenzako akifungua faili ajue pa kugusa. Wenye adabu huandika "mkono wa kulia". Wembe hakuwa na muda wa adabu. Leya zake alizipa majina ya yale aliyokuwa nayo moyoni siku hiyo. Meneja mmoja wa benki aliyetaka achorwe mwembamba, mdomo wake uliitwa "chura kameza chura". Siku ambayo wazo la Maono lilimkera, leya ya ukuta iliitwa "upuuzi wa peku". Na vivuli vyote, tangu mwaka wake wa kwanza, viliitwa "kobe", kwa kuwa viko chini ya kila kitu na havina kazi. Ilikuwa starehe yake. Wengine huvuta sigara.

Wateja je, wakiona? Wembe alicheka. Mteja akipewa mchoro, alisema, anachoangalia ni kama pua ipo. Kila faili lilitoka kwake na majina hayo, akabaki na nakala yake kwenye kompyuta yake, na katika miaka minne hakuna aliyelalamika hata mara moja. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba dunia imejaa watu wenye macho ya mapambo.

Ndipo Maono alipomwita chumbani kwake, kwenye baridi. Alizunguka kwanza, akagusia upepo na mbegu na mambo mengine yasiyohusika, kisha akatua: mtu mmoja lazima apunguzwe, na atakayebaki akiongoza chumba cha michoro atakuwa Wembe. Alitaka tu kusikia, kifamilia, nani anaweza kukosekana bila kazi kuyumba.

"Shangazi," Wembe alisema. Hakufikiri hata kwa muda wa kupiga chafya. "Mafaili yanalala kwake saa nzima bure. Mimi nitayatuma mwenyewe."

Maono alishusha pumzi kama mtu aliyesaidiwa kubeba gunia. Wiki hiyo hiyo Shangazi alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa kitambaa: kikombe, mto wa kuegemea, kitana. Fundi wa mwendo alivua hedifoni ili amuage, jambo ambalo halijawahi kutokea. Shangazi alipofika kwa Wembe alisimama kidogo.

"Nimekuachia daftari kwenye droo ya chini, mwanangu," alisema. "Lisome kabla hujatuma chochote."

Wembe akasema ahsante Shangazi, safari njema Shangazi, na daftari akaliacha lilipo. Afundishwe kubonyeza kitufe cha kutuma na mtu anayechapa kwa kidole kimoja?

Nyumbani alimsimulia dada yake mkubwa, waliyekuwa wamepanga naye nyumba. Dada alikuwa anakunja nguo. Aliuliza huyo mama alikuwa amemkosea nini. Wembe akasema hajamkosea kitu, ni mzigo tu. Dada akakunja shuka pembe kwa pembe, akasema mdharau mwiba mguu huota tende. Wembe alimjibu kwamba methali ni akiba ya watu walioishiwa hoja, akaenda kuoga.

Kazi ya kwanza bila Kobe ilikuwa ya mzee mmoja mwenye kiwanda cha magodoro. Mzee alitaka mabango makubwa ambamo yeye mwenyewe, katuni, amelala kwenye godoro lake akitabasamu. Wembe alimchora vizuri mno. Ingawa alimdharau, mkono wake haukujua kuchora vibaya. Mzee aliomba faili lenyewe, zima, ili mpiga chapa wake alikuze atakavyo. Wembe alimaliza saa nane na robo, akatuma saa nane na robo, akamwambia fundi wa mwendo kwamba hivyo ndivyo binadamu wanavyofanya kazi.

Siku tatu baadaye Mzee wa Magodoro aliingia studio mwenyewe, bila miadi. Maono alimkimbilia na viatu mkononi. Mzee alikataa kiti kifupi. Alisimama katikati ya chumba, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu. Alieleza kwamba mpiga chapa alifungua lile faili akaanza kucheka, akawaita na wenzake, wakacheka wote, mpaka dereva wa mzee mwenyewe, aliyekwenda kuchukua sampuli, akapewa orodha. Huyo dereva ndiye aliyemletea. Kisha akavaa miwani na kusoma, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Kitambi cha ghorofa. Shingo imepotea, aliyeiona atoe taarifa. Meno ya kuazima. Kichwa, ndani hakuna mtu."

Wembe alihisi masikio yakimwaka. Akiwa peke yake majina yale yalikuwa na makali. Yakisomwa na mwenye shingo mwenyewe yalikuwa ya kitoto, maneno ya kuandika kwenye ukuta wa choo cha shule. Hilo lilimuuma kuliko hasira ya mzee.

"Mimi shule niliishia darasa la saba," mzee alisema, akiikunja karatasi. "Lakini kusoma najua. Nataka jina la aliyeniandika hivi, kwa maandishi, kabla ya jioni. Nikilipata nitaamua kama bado nina kazi na nyinyi."

Alipotoka, Maono alikaa chini kwenye kiti chake kifupi, magoti masikioni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema kuhusu mbegu. Halafu uso ukamng'aa. Bila shaka ni Shangazi, alisema. Amefukuzwa, ana uchungu, ametuachia sumu kwenye faili. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimtazama Wembe kwa dakika nzima asipepese, na Wembe akaelewa kwamba Maono hakuwa mjinga kiasi hicho. Alijua. Alijua Shangazi aliondoka kabla mchoro huo haujaanza. Lakini Shangazi hakuwepo, na Wembe alikuwepo, na mkono wa Wembe ndio ulioleta wateja.

Wembe angeweza kusema pale pale. Mdomo uliotukana nusu ya mji ulikaa kimya kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

Maono aliandika barua kwa dakika tano, akamrushia kwenye kompyuta. Kutuma sasa ni kazi yake Wembe, si ndiyo? Ila kwanza apekue ghala la mafaili ya zamani, aone kama huyo mama hakuacha uchafu mwingine, wasije wakaumbuka tena.

Wembe akahamia kwenye meza ya Shangazi, kati ya printa na choo, penye kompyuta ya ghala, akaifungua barua humo. Akafungua faili la meneja wa benki. Alitegemea kumkuta chura wake. Leya ya mdomo iliitwa "mdomo". Akafungua lingine, na lingine. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto. Kola. Ukuta wa nyuma. Miaka minne ya kazi yake, mafaili mia na ushee, na hapakuwa na tusi hata moja. Kwanza alidhani kompyuta imeharibika. Kisha akavuta droo ya chini.

Daftari lilikuwa la shule, lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa mstari mmoja: "Kabla ya kutuma, soma majina yote, badilisha yanayostahili kubadilishwa, kisha hakikisha picha bado inatembea, maana mwendo hufuata jina la leya." Kuanzia ukurasa wa pili kulikuwa na safu mbili zilizopigwa kwa rula, na tarehe pembeni. Kushoto majina yake Wembe. Kulia majina mapya. Marekebisho yakija, Wembe alikuwa akiyafanya kwenye nakala yake na kumtupia tena faili lile lile na matusi yale yale, na mama akaanza upya, leya moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa saa nzima.

Neno "kobe" lilijaa daftari. Lilinakiliwa kwa mwandiko ulionyooka, bila alama ya mshangao, bila hata wino kukolezwa. Mwaka jana palikuwa na tarehe ambayo Wembe aliitambua, kwa sababu siku hiyo studio ilichanga rambirambi: Shangazi alikuwa amerudi kutoka kumzika mdogo wake. Kushoto paliandikwa, "kobe karudi, hata msiba haukumtaka." Kulia paliandikwa, "kivuli cha kiti."

Wembe alifunga daftari, akalifungua tena. Alitafuta cha kudharau mle ndani na hakukiona. Aliona aibu, aibu ya kweli ile ya kutaka kujifunika na kitu, na juu ya meza palikuwa na kibodi tu.

Barua ya Maono ilikuwa wazi kwenye skrini. Ilisema uchunguzi umefanyika; majina yale yaliandikwa na mtunza mafaili wa zamani, jina lake kamili hili hapa, kwa chuki zake binafsi, na studio imeshamwondoa. Wembe aliisoma yote. Akairudia, kidole kikifuata mstari. Alijua fika kwamba anachotaka kukifuta ni kiti chake mwenyewe, na pengine mshahara wa mwisho wa mwezi, na kwamba dada yake atakunja nguo na hatasema kitu, jambo ambalo ni baya zaidi. Akafuta jina la Shangazi. Akaandika lake. Akafuta "mtunza mafaili wa zamani", akaweka "mchoraji". Pale palipoandikwa "imeshamwondoa" aliwaza kidogo, akaona hilo litakuwa kweli kabla ya jioni, akaliacha.

Maono alitokea, peku, akaegemea printa. Alitaka kujua mbona saa nzima imepita kwa barua ya mistari sita. Amekuwa kobe naye?

"Nilikuwa napitia," Wembe alisema, na akabonyeza kitufe cha kutuma. "Palikuwa na jina moja la kubadilisha."