Fundi Aoge Kwanza

Bi Kokuberwa alisimama mlangoni mwa bafu lake jipya, akakunja mikono, akaniambia nioge.

"Nioge mimi?"

"Wewe. Umefunga shawa ya umeme, umesema iko salama. Haya, oga tuone."

Jamani! Wenye nyumba wameshaniambia mengi, lakini hili lilikuwa jipya. Hasira ikanipanda. Nilikuwa nimetoka tu Bukoba mjini kwenye mafunzo ya kusanifu umeme wa majumbani kwa usalama, na cheti kilikuwa kwenye begi, ndani ya nailoni ili kisilowe. Ramani ya umeme ya nyumba hii ya Izigo niliichora mwenyewe, hesabu za waya nikapiga mwenyewe, shawa ikapata waya wake mnene na brekaa yake peke yake. Ethi iendayo ardhini nilipima asubuhi, ikasoma vizuri. Nikamweleza yote hayo kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aliyemfungia marehemu mume wangu shawa, kule Nyanga tulikokuwa tumepanga, naye alieleza vizuri," alisema. "Akasema hakuna shida, akachukua vifaa vyake akaenda. Mzee Rutaihwa akaingia kuoga. Yule fundi hakuoga, mwanangu."

Wanawe walioko Dar es Salaam ndio walionipa kazi. Waliniambia mama anaumwa magoti na maji ya baridi yanamtesa, basi. Habari za baba yao hawakuzigusa.

Akanipa taulo. Nikaingia, nikafunga mlango, nikavua nguo huku nikinung'unika. Nikawasha swichi ya shawa, kitaa chake chekundu kikawaka. Nikanyoosha mkono nifungue maji, mkono ukagoma.

Si utani, uligoma. Nilisimama pale kama nilivyozaliwa, miguu mitupu sakafuni, nikiliogopa bomba nililolifunga mwenyewe. Kule darasani, kila tulipomaliza kuchora, Mwalimu Kagaruki alikuwa akituuliza, "Nani atagusa hapa akiwa amelowa?" Tulijibu kwa pamoja, "Mwenye nyumba!" na tukacheka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujibu "mimi".

Nikaanza kujihoji. Nati za ethi nilikaza? Nilikaza. Waya wa moto niliupeleka pasipo pake? Hapana. Ethi nilipima? Nilipima, asubuhi. Basi fungua maji, Mujuni, uanaume gani huu!

Ndipo nikasikia jembe. Nyuma ya ukuta uleule wa bafu, mtu alikuwa akilima, taratibu, bila haraka yoyote. Halafu jembe likagonga kitu kigumu, ukatoka mlio wa chuma.

Nikazima swichi, nikajifunga taulo, nikatoka mbio nikampita Bi Kokuberwa bila hata kuomba radhi. Nyuma ya nyumba nilimkuta shemeji yake, Projestus, kasimama katikati ya migomba, jembe mkononi, anachungulia chini.

"Fundi, kumbe kuna nyaya humu," alisema. "Nimekata mmoja. Sio wa umeme, eti? Maana haujanirusha."

Ulikuwa waya wa ethi. Umekatika kabisa, ncha zake mbili zinang'aa kwenye udongo, karibu na rodi ya shaba niliyoizamisha ardhini kwa nyundo. Umeme ukivuja kwenye shawa, waya ule ndio unaoupeleka chini. Usipokuwepo, hata brekaa haina habari mpaka umeme upite kwa mtu anayeoga.

Nilitaka kumtukana Projestus, na mdomo ulishafunguka. Lakini ningemtukania nini? Mtu analima kibanja chao. Mimi ni Mhaya, nimekulia kwenye migomba ya Kibeta, najua fika kwamba kibanja kinakuja mpaka ukutani na jembe halilali. Rodi nikaichora palepale, kwa sababu kwenye ramani za darasani nyuma ya nyumba huwa peupe. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Bi Kokuberwa akafika. Akautazama waya, akanitazama mimi.

"Ungeoga ungekufa?"

"Leo pengine hapana, mama. Shawa ni mpya. Lakini siku ambayo ingevuja, wewe ungekufa."

"Mae!" alisema Projestus, akaliweka jembe chini.

Nikamwambia nitaihamisha rodi na waya nitaupitisha ndani ya paipu. Ila kila nilipogeuka niliona migomba, kahawa na maharage. Mama alitembea hadi kwenye kaburi la mumewe, pale karibu na dirisha la bafu, lililojengewa saruji na msalaba.

"Weka hapa ubavuni," alisema. "Hapa hakuna anayelima."

"Waitu, mama, hapo?"

"Gonga."

Niligonga. Nyundo iliteleza, nikaogopa kuipasua saruji ya marehemu. Nikaunganisha waya, nikaufukia ndani ya paipu, nikapima tena. Ikasoma vizuri kuliko asubuhi. Mama hakuniambia tena nioge. Taulo nililichukua mwenyewe.

Safari hii nilifungua maji nimefumba macho. Yakaja ya baridi, yakawa vuguvugu, yakawa moto.

"Upo?" mama aliita kutoka nje ya mlango.

"Nipo, mama!"

Nikalishika bomba kwa kiganja kizima. Hakuna kitu. Nikachukua sabuni.

"Upo?"

"Nipo!"

Nikajipaka povu kichwani, likaniingia mdomoni, nikachelewa kidogo kujibu. Mlango ukagongwa kwa ngumi zote mbili.

"Fundi! Usinyamaze!" Alikuwa analia. "Yeye alinyamaza."

"Nipo, mama," nilisema, na niliendelea kusema nipo, nipo, mpaka povu lote likaisha.