Rudi Uchelewe

Usiku wa kuamkia jana niliota nimepanga foleni kwenye Idara ya Riwaya, dirisha namba nne. Nilikuwa peke yangu, na bado nikawa wa tatu.

Mkononi nina karatasi moja: onyesho la saba la riwaya yangu. Miezi minne halisogei. Ni pale kijana anapofika wodini na kukuta mama yake ameshafariki. Mengine yote nimeyaandika, hata ugomvi wa harusini wenye watu arobaini na mbuzi mmoja. Hili la watu wawili limenishinda. Kwapani nimebana hotipoti iliyofungwa kwa kanga. Sikumbuki kuibeba, lakini ndotoni mtu haulizi mizigo.

Karani ni nukta. Nukta tu, nyeusi, imevaa miwani.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Soma."

"'Alihuzunika sana.'"

"Endelea."

"Imeishia hapo."

Nukta ikavuta pumzi. "Hicho ulichoshika kinaitwaje?"

"Onyesho."

"Lingekuwa semo, la kusema tu, ningekugongea muhuri ukaenda zako. Onyesho, kijana. Onyesha."

Ikaling'oa neno "sana", ikaliweka kwenye mizani ya bucha. Mshale haukutikisika. Ikaongeza "sana" nyingine tatu kutoka ukurasa wa nyuma. Wapi!

"Kamwone mhusika akueleze ilivyokuwa."

"Yuko wapi?"

"Mhusika hayupo."

Nikacheka. Ofisi ni ofisi, hata ya ndotoni. "Atarudi lini?"

"Mhusika ni wewe, Anaeli. Miezi minne tunakungoja."

Hapo sikucheka.

Nageuka, na nyuma yangu pamekuwa korido ndefu inayonuka dawa ya kupigia deki. Mwisho wake kuna mlango, na mlangoni kibao: INGIA UMECHELEWA, TOKA MAPEMA. Nakijua. Ni ushauri niliousoma mahali, kwamba onyesho zuri lianzie katikati ya jambo na likatike kabla halijachosha. Sikujua kama una mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni peni ya buluu isiyo na kifuniko.

"Umewahi," inasema peni. "Rudi uchelewe."

"Nichelewe kiasi gani?"

"Dakika ishirini. Kama siku ile."

"Bosi, kuchelewa mimi nimesomea," natania.

Peni haicheki. Inajua, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Siku ile wagonjwa walianza kuonwa saa saba mchana, na saa saba mimi nilikuwa mezani kwangu namalizia sentensi. Niliimaliza. Ilikuwa sentensi nzuri. Baadaye niliifuta.

Nasimama koridoni dakika ishirini. Hapiti mtu. Hotipoti inaguna kwapani.

"Napoa, ujue."

"Vumilia kidogo."

"Ndivyo ulivyosema na siku ile."

Mlango unafunguka wenyewe. Wodi. Kitanda namba sita, shuka limetolewa, godoro limekunjwa katikati. Chini yake kandambili za mama, moja imeshikizwa kwa waya. Kwenye kitanda cha pili yake kuna Mama Eliaichi, mgonjwa yule yule wa siku ile, anamenya chungwa.

"Wewe ndiye baba wa mtori?" ananiuliza.

"Ndimi."

"Alikataa chakula cha hapa. Anasema, mwanangu anakuja na vijiko viwili, anajua sili peke yangu."

Siku ile aliniambia pole tu. Hayo mengine sikumpa nafasi ayaseme, nilitoka mbio.

"Haya, mpe chake," anasema, na kurudi kwenye chungwa lake.

Nafungua kanga. Vijiko vipo, viwili. Kimoja nakilaza juu ya godoro lililokunjwa, upande aliokuwa akiegemea. Kingine nakishika. Nafungua hotipoti, mvuke wa mtori, ndizi na nyama, unanipanda usoni.

"Toka!" peni inafoka mlangoni.

"Bado sijalia!"

"Ndiyo maana. Toka."

Nikaamka. Kumekucha, mwenye nyumba anafagia uani, na chumba changu ni kile kile: kitanda kimoja, kiti kimoja. Nikaketi mezani na peni ya buluu. Nikakata "Alihuzunika sana" kwa mstari mmoja. Nikaandika: "Alifika na vijiko viwili." Onyesho likaanza kusogea lenyewe, kama gari lililotolewa kwenye matope.

Nikasita. Ni viwili kweli, au nimeota tu? Hotipoti ipo juu ya kabati. Niliiosha siku ya msiba, nikaifunga na vijiko vyake ndani ya kanga ya mama, na sijaigusa tangu hapo. Nikapanda kiti, nikaishusha. Fundo lilikuwa langu mwenyewe, lile la kukaza mara mbili. Nililifungua kwa meno.

Kilikuwamo kimoja. Cha mama nilishakilaza godoroni.