Kurasa za Mwisho za Hukumu ya Verlene

Mji wetu wa Marlow Bend, Mississippi, hauna siri, na ikiwepo basi mimi ninayo. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kwamba Alhamisi ile ilikuwa siku ya jirani yangu Verlene Tatum. Alhamisi mchana ndipo Mahakama ya Juu ya jimbo hutoa hukumu zake, na tangu saa sita kibaraza chake kilishajaa watu hadi kwenye ngazi.

Kesi yenyewe ni hicho hicho kibaraza. Miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, Verlene anakaanga kambare, majirani wanakuja na sahani zao, wanaume wanapiga dhumna. Hauzi hata mwiba. Halmashauri ya mji ikasema huo ni mgahawa usio na kibali, aufunge. Hakimu wa kaunti akaafiki. Verlene ni mjane na wanawe wote wako Chicago; kumnyima Jumamosi ni kumnyima watu. Akakata rufaa.

Saa nane kasoro akaja Cleophus Gaines, mgawa barua mstaafu. Huyu kila asubuhi husikiliza mawakili wakibishana redioni juu ya hukumu mpya, na huwataja majaji kana kwamba alicheza nao gololi. Mkononi alikuwa na kurasa arobaini na moja alizochapisha maktaba.

"Tulieni. Naanza mwanzo."

"Mwanzo wa nini, Cleo?" nikamwambia. "Barua ya serikali mwanzo wake salamu tu. Nenda chini kabisa."

Watu wakaniunga mkono. Akafunua ukurasa wa mwisho, akasoma: "Kwa sababu hizo, hakimu wa kaunti alikuwa sahihi. Kibaraza hiki ni mgahawa."

Verlene akainuka, akashika viti viwili, akaanza kuviingiza ndani.

"Bibi Verlene, ngoja kwanza," Cleophus akasema.

"Ningoje nini? Nyie kaeni makwenu Jumamosi. Mimi nitajua nitakula na nani."

Alipotoka kuchukua viti vingine, simu ikalia. Ni wakili wake, binti Renfroe. Verlene akaifungulia sauti, sote tukasikia.

"Mama, mbona sauti ya msibani?"

"Si tumeshindwa, mwanangu."

"Nani kakwambia?"

"Cleophus kasoma."

"Muulize kasoma ukurasa gani."

"Wa arobaini na moja," Cleophus akajibu mwenyewe, kifua mbele.

Binti akacheka hadi akashindwa kusema. "Huko ni kwa jaji aliyepinga, baba. Wanaozidiwa kura wanaandika malalamiko yao nyuma. Uamuzi uko mbele. Majaji saba kwa wawili."

Cleophus akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma polepole: "Hukumu ya chini tunaitengua. Kumlisha jirani si biashara."

Kibaraza kilitikisika. Mtu akamgonga Cleophus begani: "Miaka yote unatusomesha sheria, kumbe unaishika kichwa chini miguu juu."

"Aliyesema niende chini ni nani?"

Wote wakanigeukia. Nikakumbuka kuna viti ndani, nikaenda kuvitoa.

Niliporudi, Verlene alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha. "Huyo aliyepinga," akasema, "kaandika nini juu yangu? Nisomee yote."

Cleophus akasoma. Jaji alilalamika kwamba Jumamosi moja mkaguzi alihesabu watu hamsini na wanane, kwamba harufu ya samaki ilifika kanisani, kwamba vicheko vilisikika ng'ambo ya barabara kuu.

Verlene alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa taratibu, kama anayesomewa barua ya mchumba.

"Rudia hapo kwenye idadi."

"Hamsini na wanane."

"Sitini na wawili," akasema. "Mkaguzi hakufika jikoni."